Tamthilia Niliyoichambua Bila Kuona Mwanzo Wake

Sauti yangu ilisikilizwa mbele ya chef wa kijiji, kule Nyantende, ikisema kwamba mjane mmoja anadanganya, na mimi mwenyewe saa hiyo nilikuwa nyumbani Nyalukemba natwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Aliyeileta ni shemeji wa huyo mjane, anayetaka kumnyang'anya shamba la migomba. Naona aibu kuyasimulia, lakini kwa kuwa nusu ya Bukavu imeshaiona ile video yenye sauti hiyo (wanafunzi wangu wakiwa wa kwanza), afadhali mnisikie na mimi.

Mimi ni assistante, mhadhiri msaidizi, katika chuo kimoja hapa mjini. Nafundisha nadharia ya usimulizi, yaani namna ya kusoma riwaya au kutazama tamthilia huku ukijiuliza nani anasimulia, anamsimulia nani, ameanzia wapi, na kitu gani amekiruka. Somo ninalolipenda kuliko yote ni lile la msimulizi asiyeaminika. Nawaambia wanafunzi kila mwaka: pale msimulizi anaporuka, simameni hapo hapo mchimbe. Nawaambia kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuangukia ndani ya shimo alilolichimba.

Rafiki yangu Odile anaongoza kikundi cha maigizo cha akina mama wa parokia ya Nyantende. Alinialika niseme maneno machache baada ya mchezo wao, kama ilivyo desturi: mchezo ukiisha, mgeni kutoka mjini anasimama, anasifu, watu wawili watatu wanauliza swali, chupa za sucré, yaani soda, zinagawiwa, kila mtu anarudi kwake. Aliniambia saa nane. Sasa, nani hapa kwetu asiyejua maana ya saa nane kwenye mwaliko? Maana yake ni kwamba saa tisa na nusu ndipo viti vinaanza kupangwa. Basi nikaamua kuipiga pasi liputa yangu, kitenge cha kutokea, upya, polepole, na kilemba nikifunge mara ya pili. Uamuzi ni huo tu, wa pasi, na mengine yote yalitoka hapo. Sikujua kwamba kwaya ilihitaji ukumbi mapema, na kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, jambo lilianza saa yake.

Niliposhuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mchezo ulikuwa umekwenda mbali. Walikuwa wameniwekea kiti cha mbele, nikakifikia kwa kuinama na kukanyaga vidole vya watu. Jukwaani alikuwepo mwanamke mmoja peke yake, akisimulia ugonjwa wa mume wake: dispensaire waliyokwenda, mbuzi waliyemuuza, uji aliokubali kunywa na uji alioukataa. Alisimulia vizuri mno, kila kijiko ulikiona. Halafu pazia (lilikuwa liputa juu ya kamba) likafungwa, likafunguliwa, na mume alikuwa ameshazikwa. Mama mwingine, aliyechorwa masharubu kwa makaa, akaingia kama shemeji na kumwambia aondoke shambani. Yule mjane akajibu kwamba mume wake alimwachia shamba mbele ya watu wote.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mwanamke anayehesabu vijiko vya uji, lakini siku yenyewe ya kuachiwa shamba hatuonyeshi! Nililiona pengo hilo kama zawadi niliyoandaliwa mimi.

Odile alinitambulisha kama professeur (si kweli, na sikumsahihisha). Nilianza kwa kushukuru, na kama ningeketi hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikaendelea. Nikaeleza kwamba tukio ni kitu kimoja na namna ya kulisimulia ni kitu kingine, kwamba huyu mama wa kwenye mchezo tunamsikia yeye tu, hivyo tusimwamini upesi. Watu wachache walicheka, nami nikadhani wamefurahi. Nikauliza ni nani aliyeona mahali aliporuka.

Mwanaume mmoja wa safu ya tatu, mwenye koti la kijivu, aliinua mkono na kusema ni siku ya bwana kufa, kwamba hakuna aliyeona bwana akimpa shamba. Nilimsifu mbele ya ukumbi mzima. Nilisema msomaji makini kama huyu namtafuta chuoni kila mwaka bila kumpata. Akashukuru kwa adabu, akatoa simu.

"Prof, urudilie kidogo ile maneno," akasema, "nikamate video."

Nami nikarudia. Nilirekebisha kilemba, nikaigeukia simu, nikasema polepole na kwa ufasaha kuliko mara ya kwanza, kwamba msimulizi huyu anaficha, na kwamba pale aliponyamazia ndipo penye uongo.

Safari hii hakuna aliyecheka. Odile alikuwa akitazama sakafu. Yule mwigizaji, ambaye bado alikuwa amesimama kando ya pazia, akaomba micro, kile kipaza sauti.

"Maman Prof," alisema bila hasira, "miye sikuruka kitu. Ule mwenye anachezaka bwana yangu alienda ku matanga, Walungu. Tulisema ile pa mwanzo. Haukukuwa hapa."

Hakuwa amemaliza.

"Na tulisema tena kama ile histoire ni ya miye, Nsimire. Ule papa umesifu, njo shemeji yangu." Kisa cha mchezo kilikuwa kisa chake mwenyewe, na niliyemsifu ndiye anayemdai shamba.

Nilichukua micro nikaomba radhi, nikasema nilichelewa, nikasema nimekosea, nikasema mambo mengi ambayo hakuna anayeyajua leo kwa sababu simu ilikuwa imesharudi mfukoni mwa koti. Video inaanzia ninaporekebisha kilemba na inaishia kwenye neno uongo.

Mengine Odile alinieleza barabarani tukitafuta moto ya kunirudisha. Waliokuwa chumbani siku ile bwana alipomwachia mke shamba ni ndugu za shemeji, na wote wamenyamaza. Akina mama walicheza ile histoire kusudi mmoja wao akionee haya kimya chake, kabla kesi haijafika kwa chef. Kipande kilichokosekana ndicho walichokuwa wamekifanyia mazoezi kuliko vyote.

"Ungesema tu asante, dada yangu," Odile akaniambia. "Asante ingetosha."

Siku ya kesi shemeji aliichezesha ile video mbele ya chef. Chef aliahirisha, akakataza mtu yeyote kukata ndizi katika shamba hilo mpaka atakapoamua. Odile akanipigia simu niende kikao cha pili kusema kweli mwenyewe. Nilikwenda. Nilifika kabla ya kiti cha chef kutolewa nje, liputa haijapigwa pasi.

Nilieleza kwamba msimulizi anaweza kuruka kitu kwa sababu nyingi, na kwamba mara nyingine sababu ni kwamba mwigizaji amekwenda kwenye matanga. Chef, muzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maman Prof," akasema, "mu telefone unasema huyu mama iko anadanganya. Hapa unasema iko anasema kweli. Tuamini Prof gani?"

Shemeji alitabasamu. Maman Nsimire alikuwa akinitazama tu, akingojea. Nimewahi kuwapa wanafunzi swali kama hilo kwenye mtihani na kuwakata pointi waliposhindwa.

Nilisema aniamini mimi niliyekuja kwa miguu yangu. Akaniuliza kama kile kipande cha bwana kufa nimeshakiona. Nikajibu hapana, papa chef, mpaka leo sijakiona. Akatikisa kichwa, akasema atafikiri.

Tangu hapo nikiitwa saa nane nafika saa nane, nakaa peke yangu katikati ya viti vitupu, na tamthilia ambayo sikuona mwanzo wake sitaisemea tena, hata kwa kuisifu. Mwigizaji amesharudi kutoka Walungu. Chef bado anafikiri. Odile anasema ndizi zimeiva, ndege wanazila zikiwa juu ya migomba, na si Maman Nsimire wala shemeji mwenye ruhusa ya kukata hata mkungu mmoja.