Ratili Thelathini za Ghati

Ghati, mke mkubwa wa mume wangu, alikuwa mnene kuliko wanawake wote wa Nyarero, na mume wetu Werema hakumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Tukialikwa arusini, Ghati alitangulia, Werema akafuata polepole ili watu watazame vizuri. Mimi nilikuja nyuma na mtungi. Kwa wembamba wangu sikuwa na la kumtangazia mtu.

Ambacho watu hawakukiona ni ngiri iliyomtoka kitovuni, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, ambayo alikuwa akiifunga kwa kitambaa chini ya nguo. Ilipombana alitapika, akang'ata mkono wake ili wageni wasisikie. Mwaka 1956 nilimsindikiza hospitali ya misheni. Daktari Mzungu akambonyezabonyeza, akampandisha kwenye mizani, kisha akatamka jambo ambalo kwetu hakuna aliyewahi kuambiwa na mtu mwenye akili timamu: apunguze ratili thelathini. Tumbo lenye mafuta kiasi kile, alisema, likishonwa nyuzi hazishiki. Arudi baada ya miezi mitatu akiwa amepungua, ndipo ampasue. Asipopasuliwa, siku moja utumbo utajinyonga humo ndani, na hakuna atakayemuwahi.

"Mdogo wangu," Ghati aliniambia njiani, "yaani nimekula miaka yote hii ili nije kufundishwa njaa uzeeni?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Basi nitajifunza," akasema. "Sitaki kufa, Teresia."

Akajifunza kweli. Alikula mboga ya mgagani bila maziwa, na ugali usiozidi ngumi. Kila Jumamosi tulitembea hadi Turwa kwa mnunuzi wa ngozi aliyeitwa Simioni, kwa sababu ndiye pekee tuliyemjua mwenye mizani ya kuweza kumbeba. Simioni alifunga ngozi kavu pembe zote nne, akaitundika kwenye ndoana, na Ghati akakaa humo miguu ikining'inia, uso umetulia kabisa.

"Zimepungua nne, mama," Simioni alisema wiki ya pili. "Ungekuwa ng'ombe, ningeshusha bei."

Kabla ya mwezi wa tatu kuanza zilikuwa zimeondoka ishirini na mbili. Ghati aliweza kuinama akafagia ua mwenyewe, akaufagia mara mbili kwa siku kwa raha tu. Nami nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu kijijini walisema vingine.

Kisimani wanawake walimsalimia kwa sauti ya msibani. Kilabuni wazee walimuuliza Werema, "Mura, ng'ombe wako wamekufa?" Wengine walishaamua kwamba mke mdogo ndiye anayemmaliza mkubwa kwa dawa. Werema alikuwa ameambiwa yote ya daktari, na alikuwa amekubali kwa kichwa. Lakini angewaeleza nini watu wale? Kwamba mke wake anashinda na njaa kwa hiari yake, nyumba ikiwa na maziwa? Akaacha kwenda kilabuni.

Ndipo kaka zake Ghati walipofika kutoka Nyambureti, wakiongozwa na Heche. Hata maji hawakunywa.

"Shemeji," Heche alisema, "tulikuoza mwanamke. Mbona unatuonyesha mifupa?"

Ghati mwenyewe akawaeleza, taratibu, kwamba anajiandaa kwa kisu cha daktari. Heche akashika kichwa.

"Kisu? Na unakwenda kwenye kisu na njaa? Vijana wetu wakitahiriwa tunawalisha mpaka wang'ae, seuze wewe mtu mzima!"

Wakaamua kumpeleka kwao wakamtie nguvu. Werema alikubali upesi, akaongeza na beberu aliyenona. Huko Nyambureti mama yao, bibi Bhoke, macho yakiwa hayaoni vizuri, alimpikia kwa mikono yake mwenyewe. Binti aliyeolewa hasukumi sahani ya mama yake. Kuisukuma ni kumwambia mama ametia sumu. Ghati alikula wiki tatu.

Heche na nduguze walipomrudisha, walikaa uani kuona nitampakulia nini, maana jina langu lilikuwa limefika hadi huko. Ilibaki siku moja aende kwa daktari. Nilipika ugali wa kujaza ungo, nyama yenye mafuta yanayoelea, maziwa ya mgando kibuyu kizima. Nikamwekea mbele. Ghati aliniangalia. Mimi niliangalia moto. Niliogopa kuitwa mchawi, hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, wala sitalipaka rangi. Alikula chote, kwa ajili yangu.

Mizani ya hospitali ilimwonyesha amezidi hata siku ile ya kwanza, ratili sita juu. Daktari hakugomba. Aliandika tarehe nyingine, miezi mitatu mbele.

"Tutaanza Jumatatu," Ghati aliniambia.

Tulianza Jumatatu. Alhamisi asubuhi, tukiwa tunapepeta wimbi, ngiri ilimbana na safari hii haikuachia. Wanaume walimbeba kitandani kuelekea barabara ya malori, wakipokezana kila baada ya hatua chache kwa uzito. Alikata roho kabla barabara haijaonekana.

Mazishini watu walisifu. Nyumba ya Werema haina njaa, walisema, mtazameni marehemu. Heche, macho mekundu, alimshika Werema mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, shemeji," alisema. "Dada yetu hukumpunguza hata kidogo."

Werema akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile. Nilitaka kuwapaka wote wawili udongo wa kaburi usoni. Lakini wageni walikuwa wengi na walikuwa hawajala, nikaenda jikoni kusonga ugali.