Daktari Aliyebakiwa na Kiswahili

Kabla sijamjua mtu mwenyewe, nilikuwa naujua mshono wake. Katika hospitali ya Birmingham nilikofanya kazi kama muuguzi wa chumba cha upasuaji, kulikuwa na namna moja ya kuunganisha kano za vidole zilizokatika, na madaktari waliiita kwa jina la mtu. Jina hilo likitajwa, nilijua uzi gani wa kutoa na sindano ya umbo gani. Sikuwahi kujiuliza mwenye jina alikuwa nani. Nilidhani alikwisha kufa zamani, kama wengi ambao majina yao yamebaki kwenye mikasi na koleo.

Kumbe alikuwa hai, anaishi mtaa wa Moseley mjini humo humo, katika nyumba ya matofali mekundu yenye ngazi nyingi kuliko alivyoweza kupanda.

Kilichotukutanisha ni kiharusi. Wakati huo nilikuwa nimepunguza kazi, nashika zamu chache tu, na Jumapili moja baada ya ibada mchungaji wetu akaniita pembeni. Kuna familia ya Kiskoti, akasema, inatafuta Mkenya aliyezoea hospitali na anayezungumza Kiswahili vizuri. Nikamwuliza Waskoti wanataka Kiswahili cha nini.

"Mzee wao amepata kiharusi," akasema. "Kiingereza kimemtoka. Kiswahili ndicho kimebaki."

Nilikuwa nimewauguza watu wengi wa kiharusi. Nimeona waliopoteza maneno yote, na waliobakiwa na matusi peke yake. Sikuwa nimeona aliyeachwa na lugha ya mama yake akabaki na ya ugenini. Mtaalamu wa tiba ya usemi alinieleza baadaye kwamba hutokea, ila kwa nadra, na hakuna anayejua hasa kwa nini huyu huachiwa hii na yule ile.

Mimi sikuwa wa kwanza kuitwa. Kabla yangu alikuja bwana mmoja Mkongomani, mkalimani hodari wa mahakamani. Yeye na mzee walisalimiana vizuri, wakafurahiana, halafu wakapotezana. Bwana yule alikuwa na Kiswahili cha Lubumbashi chenye Kifaransa ndani yake, na mzee alikuwa na Kiswahili cha wodi za magharibi mwa Kenya. Ndiye aliyeshauri atafutwe mtu wa upande huo.

Mlango ulifunguliwa na binti yake, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye mvi zilizokatwa fupi. Yeye alizaliwa Kenya, katika hospitali ileile ya misheni alikofanya kazi baba yake, lakini alipelekwa shule ya bweni Uskoti angali mdogo. Kiswahili chake, aliniambia, kilikuwa cha yaya: njoo, lala, kunywa maziwa. Tangu baba yake augue, hawakuwa wamezungumza lolote la maana.

Mzee alikuwa amekaa dirishani, mkono wa kulia umelala mapajani. Nikamwamkia.

"Habari ya asubuhi, Daktari."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, polepole, kila neno akilivuta, "Sista, umechelewa. Mgonjwa yuko mezani."

Nilikuwa nimetoka kwangu Perry Barr kwa mabasi mawili, na kweli nilikuwa nimechelewa.

"Samahani, Daktari. Basi lilikawia."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kusikia udhuru huo mara nyingi. Binti yake alisimama mlangoni akitutazama. Mwanangu wa kike hunitazama hivyo nikizungumza na dada yangu kwa simu. Anaelewa nusu, na nusu nyingine anaisoma usoni.

Siku za mwanzo maneno ya mzee yalikuwa ya kazi tu. Shika hapa. Usivute. Lete mkasi. Lete taa karibu. Polepole yakaja mengine, na baada ya majuma kadhaa aliweza kusema sentensi fupi na kuonyesha anachotaka. Kiingereza kilirudi vipande vipande, ndiyo na hapana, na mara nyingi ndiyo ilikuwa na maana ya hapana.

Tatizo lilikuwa makaratasi. Chuo kimoja mjini kilikuwa kimekubaliana naye, kabla hajaugua, kwamba nyaraka zake zote zihifadhiwe huko: barua, mihadhara, michoro, slaidi, picha za wagonjwa. Masanduku yalijaa chumba kizima cha chini. Vingi havikuandikwa ni vya nini, na aliyejua ni yeye peke yake. Basi mhifadhi wa nyaraka akawa anakuja kila juma, mwanamke mpole asiyeandika kwa kalamu ya wino hata siku moja, penseli tu. Alikuwa akiinua karatasi na kuuliza kwa Kiingereza, mimi nauliza kwa Kiswahili, mzee anajibu, nami ninarudisha jibu. Binti alikuwa anakaa kando akisikiliza maisha ya baba yake yakipitia kinywani mwangu.

Ndivyo na mimi nilivyoyajua. Alizaliwa katika mji mdogo wa makaa ya mawe huko Uskoti. Baba yake aliumia mkono mgodini, nao ukakauka. Watu walipenda kusema ndiyo maana mwana akawa daktari wa mikono, na magazeti kadhaa yalikuwa yameandika hivyo. Nilipomwuliza alikataa kwa kichwa. Alichagua mikono, alisema, kwa sababu mwalimu aliyempenda alikuwa anafundisha mikono. "Angefundisha masikio, ningefanya masikio."

Baada ya kuhitimu Edinburgh alikwenda Kenya kwa mkataba mfupi, akakaa hadi watoto wake wakakua. Waliojaa hospitalini mwake hasa walikuwa watoto walioangukia moto wa mafiga. Kidonda kikipona, kovu linavuta vidole hadi vinajikunja kama ngumi isiyofunguka. Kazi yake ilikuwa kuifungua, kidole baada ya kidole. Aliporudi Uingereza alikuja Birmingham, mji uliokuwa na viwanda vingi vya chuma, ambako mashine zilikuwa zinakata vidole vya Wapunjabi, Wajamaika na Waairishi bila ubaguzi. Hapo ndipo alipobuni mshono wake. Madaktari walikuja kutoka nchi nyingi kusimama nyuma yake wakitazama. Alipewa nishani na shahada za heshima. Zilikuwa kwenye sanduku moja na kamba za viatu na redio mbovu.

Asubuhi moja, mhifadhi akiwa anapanga slaidi, mzee alimgeukia binti yake.

"Mama, umekula?"

Binti alilielewa neno la kwanza. Rangi ikamtoka. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, "Ananiita mama yake. Hanitambui tena."

Nikamweleza kwamba kwetu mzazi humwita binti yake mama, hasa akiwa anampenda. Na kwamba alichouliza ni kama amekula.

Binti akainuka, akakusanya vikombe, vingine bado vina chai, akaenda navyo jikoni. Maji yalisikika yakitiririka kwa muda mrefu. Aliporudi akasema nimwambie amekula mkate. Mzee akasema mkate si chakula. Hilo pia nililifasiri.

Mzozo ulikuja tulipofika kwenye picha. Za mikono hazikuwa na shida. Lakini kulikuwa na sanduku jingine, la nyuso: watoto wa Kenya waliozaliwa na midomo iliyopasuka, wengine walioungua mashavu na shingo, kila mmoja amepigwa picha kabla ya upasuaji na baada yake. Nyuma ya kila picha kulikuwa na jina na kijiji. Mhifadhi alizishika kwa uangalifu mkubwa. Akasema hizi ndizo za thamani kuliko vyote. Zingefungiwa kwa miaka mingi, hakuna ambaye angeziona kabla ya wakati wake.

Mzee alisikiliza tafsiri yangu, kisha akasema, "Hapana."

Kwa kuwa hapana yake haikuaminika, nilimwuliza tena kwa namna nyingine.

"Hapana, Sista. Walinipa kidonda nikitibu. Hawakunipa uso niupeleke Ulaya."

Nilifasiri. Binti yake akasogea mbele kwenye kiti. "Mwambie bila picha hizi watu hawatajua alifanya nini."

Nikamwambia.

"Wao wanajua."

"Mwambie alizionyesha yeye mwenyewe. Kwenye mihadhara, miaka yote. Nilikuwepo, nilikuwa namwendeshea mashine ya slaidi."

Sentensi hiyo nililazimika kuisema taratibu, ili asidhani ni mimi ninayemshutumu. Mzee alitazama mkono wake uliolala. Midomo ilihangaika kabla neno halijatoka.

"Kweli. Nilizionyesha. Sikumwuliza hata mmoja."

Mhifadhi aliweka penseli chini. Akasema sanduku hilo linaweza kungoja, akaaga, akaondoka na mengine.

Majuma yaliyofuata baba na binti hawakukubaliana. Kisheria binti ndiye aliyekuwa na mamlaka sasa. Angeweza kutia sahihi, gari likaja likachukua kila kitu. Hilo alilijua, na nadhani mzee pia alilijua, maana hakulitaja tena, alikuwa anageuza uso tu kila tulipopita karibu na chumba kile. Siku moja binti alinifuata jikoni nikimchemshia mzee chai ya maziwa.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimwambia mimi ni mkalimani. Ilikuwa kweli, na pia ilikuwa njia ya kukwepa. Nina ndugu alikotibia watu mzee yule, na sikupenda kufikiria sura ya mtu wa kwetu ndani ya kabati la Birmingham. Wala sikupenda kufikiria imetupwa kwenye moto. Sikusema lolote kati ya hayo. Nilimwambia tu kwamba kuna swali hajamwuliza baba yake. Amemwuliza kwa nini hataki, hajamwuliza anataka nini.

Tukaenda na chai. Akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya baba yake, akaniambia, "Mwulize, kama picha hizi si za chuo, ni za nani?"

Nikauliza.

"Ni zao," mzee akajibu.

Nilifungua mdomo kufasiri. Lakini binti alikuwa amekwisha kumshika mkono, ule usiofanya kazi, na akasema kwa Kiingereza, akimtazama yeye si mimi, "Basi nitazirudisha."

Mzee hakungoja tafsiri yangu. Alifumba macho, kisha akauliza kama chai ina tangawizi.

Binti alisafiri kwenda Kenya mwezi Agosti. Katika juma zima nilizungumza naye kwa simu mara chache. Hospitali ilikuwa bado ipo, imekuwa kubwa, na muuguzi mkuu wa huko aliyatangaza majina kupitia makanisa ya vijiji vile, akisema tu kuna kitu chao cha kuchukua. Walikaa katika ofisi ndogo, mlango umefungwa, na kila aliyekuja alionyeshwa picha yake peke yake. Wengi hawakuja. Wengine walikwisha kufa, zikachukuliwa na watoto wao. Majina mengine hakuna aliyeyajua.

Aliporudi alimweleza baba yake yote, nami katikati. Mwanamume mmoja mwenye ng'ombe wengi aliiangalia yake, akauliza nani alimkata nywele vibaya hivyo, akaitia mfukoni mwa koti akaenda zake. Bibi mmoja alicheka mpaka akaketi chini, kwa sababu hakuwahi kujua alivyokuwa kabla ya upasuaji, mama yake alikataa kumwambia. Mwingine hakutaka hata kuishika, akaomba irudishwe kwenye bahasha na bahasha ifungwe.

"Na yule wa shingo?" mzee akauliza. "Aliyeungua shingo. Alikuwa anaimba."

Binti alimkumbuka. "Mwambie alikuja. Alitazama ya kabla na ya baada, akazipasua zote mbili, akaomba kiberiti. Alizichoma nje, kwenye majani. Hakusema neno na mimi."

Nilitamani kulainisha kidogo. Sikulainisha. Nilisema kama ilivyosemwa.

Mzee alifikiri. "Bado anaimba?"

Binti hakujua. Hakuwa amemwuliza.

"Ungeuliza," mzee akasema, na nilipofasiri hilo binti alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa nimeliona akilifanya.

Picha ambazo hazikupata mwenyewe aliziacha kwenye kabati la muuguzi mkuu. Mhifadhi alipoambiwa hakulalamika, aliandika tu kwa penseli kwamba sanduku hilo halimo.

Mzee alifariki majira ya baridi, nyumbani, kwa nimonia. Binti yake alikuwa upande mmoja na mimi upande wa pili. Siku za mwisho hakuwa na lugha yoyote. Walimzika Uskoti, nami nilikuwa zamu, sikwenda.

Katika majira ya kuchipua mhifadhi alinipigia simu. Pembeni mwa michoro ya mikono mzee alikuwa ameandika maneno ya Kiswahili, maagizo kwa wauguzi wake wa zamani, na hakukuwa na mtu wa kuyasoma. Nilikwenda. Walinikalisha kwenye meza ndefu, wakanipa penseli. Mwandiko ulikuwa mbaya, kama wa madaktari wote, lakini nilikuwa nimeuzoea. *Usifungue bandeji kabla sijaja. Mama yake alale hapa hapa. Huyu apewe mpira acheze, vidole vifanye kazi.* Niliandika maana yake kwa Kiingereza kwenye vipande vya karatasi, mchoro baada ya mchoro, mpaka wakaja kuniambia wanafunga.