Siku Mkono wa Jenereta Uliponyamaza

Jamani, mimi nimeolewa na mwanamume mwenye mkono unaonguruma.

Msicheke. Figo zake ziligoma, madaktari wakamuunganisha mishipa kwenye mkono wa kushoto ili wapate njia ya kusafishia damu. Tangu hapo ukiweka sikio pale unasikia vuuu, vuuu. Mtaani wanamwita Jenereta.

Nesi alituonya: "Sikilizeni kila asubuhi. Ukinyamaza, damu imeganda. Njooni mbio, la sivyo mshipa unakufa."

Kazi hiyo niliichukua mimi, kwani kitandani nalala upande wake wa kushoto.

Sasa wiki ile tukanuniana. Nilimfuma bafuni anakunywa soda kwa kujificha, chupa nzima, mtu ambaye hata maji anapimiwa! Nikamshtaki kwa mama yake.

Weee! "Unanisemea kwa mama kama mtoto?" Akabeba mto wake, akahamia kwenye kochi. Hanisemeshi, simsemeshi. Na sikio langu nikambania.

Siku ya pili roho ikanisuta. Mchana nikamwacha mteja niliyekuwa namsuka, nikamnyatia bwana pale kochini, nikainamia mkono.

Kimya.

Nikasogeza sikio. Kimya cha kaburi! Nikapiga yowe, mteja akaja mbio na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama.

"Mkono umezima! Mume wangu anakufa!"

Jenereta akafumbua macho, akaona mkono niliokuwa nimeushika, akavaa viatu. Kwenye teksi mimi nalia, mteja ananibembeleza, yeye anatazama dirishani tu.

"Mkono upi?" nesi akauliza tulipofika hospitali.

"Huu hapa!"

Alicheka mpaka akashika meza. "Dada, huu ni wa kulia. Haujawahi kunguruma tangu azaliwe."

Kumbe kochini alilala kageuka, nami nikainamia upande niliouzoea.

Ndipo bwana akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu ahamie kochini. "Nilijua tangu nyumbani! Nikasema acha aende akaumbuke mbele za watu."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nesi, bado anacheka, akagusa mkono wa kushoto.

Kicheko kikakatika. Akagusa tena. Akaweka kipimo cha masikioni.

"Kaka, mara ya mwisho kuusikiliza ni lini?"

Jenereta akanigeukia, macho yamemtoka. "Si... huwa anasikiliza yeye."

Donge la damu lilikuwa limeziba. Wakamkimbiza ndani, mimi nikabaki kwenye benchi nikimwambia Mungu: mwache anywe hata kreti nzima ya soda, ila nirudishie mume wangu.

Walilitoa jioni ileile. Daktari akasema tungechelewa kidogo tu, mshipa ungekuwa basi tena.

Nikaweka sikio, safari hii kushoto. Vuuu, vuuu. Nikalia kwa sauti.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Nisingetaka uumbuke, nisingekuja."

"Nami roho isingenisuta, nisingekuleta."

Soda? Mama mkwe nimemwambia tena, na hiyo ya kuniumbua nimemwongezea.

Wanandoa wenzangu, nuneni mpendavyo. Mdomo unune, mgongo unune, ila sikio lisinune.