Upepo wa Tairi la Nyuma

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ile niliyompakia mama kwenye baiskeli kutoka Kiriba kumpeleka hospitali Musoma. Jembe lilikuwa limemkata mguu, kidonda kikaharibika, na zahanati yetu haikuwa na dawa. Magari yalikosa mafuta miaka ile. Matairi mapya hayakuonekana dukani. Tairi la nyuma la baiskeli yetu tulikuwa tumelishona ubavuni kwa uzi wa wavu, kama majirani wote.

Sisi vijana tulipenda tairi gumu, maana baiskeli huwa nyepesi. Nikapiga pampu mpaka likalia kama ngoma. Baba mdogo, aliyekuja kunisaidia kusukuma kwenye vilima, alikuwa bado anafunga mto kwenye keria, hakuniona.

Hatukufika mbali. Kila jiwe mama aliguna. Mwisho akaomba kushuka, akakaa kando ya njia.

"Nirudishe nyumbani," akasema. "Bora nife nimelala."

Baba mdogo akalibonyeza tairi. "We kijana, hapa umemjazia mgonjwa au unakwenda mashindano?"

"Likiwa laini nitachoka, baba."

"Utachoka, ndiyo. Si wewe ndiye mzima?"

Mama, na maumivu yale, akacheka. "Mwache, shemeji. Hata kaka yako alikuwaga hivyo hivyo."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Nilikuwa nimeipima safari kwa miguu yangu tu.

Baba mdogo akatoa upepo kidogo, tukampandisha mama, kisha akainama kutazama tairi linapogusa ardhi. Lilitanuka kidogo, lakini rimu ilikuwa mbali na mawe.

"Usipime baiskeli ikiwa tupu," akaniambia. "Na ukilegeza mno, rimu itakata tyubu, tutalala njiani."

Nilikanyaga kwa jasho, baba mdogo akisukuma kwenye vilima. Karibu na Musoma nikahisi kichwa cha mama kimeniegemea mgongoni. Nikaogopa, nikamwita.

"Endesha tu," akajibu. "Nilikuwa nimesinzia."

Basi, mwanangu, kuvimba si kunenepa. Ukimpakia mtu, mpandishe kwanza, ndipo utazame tairi. Penye mawe legeza kidogo, penye lami ongeza. Miguu yako ikiuma, iache iume; kesho itapona.

Mungu akutie nguvu za kukanyaga, na kila utakayembeba afike salama.