Ukoka Baada ya Matanga

Mume wangu alifariki Ijumaa ya mwanzo ya mwezi wa Mfungo Tano, baina ya alasiri na magharibi, chumbani kwetu Bububu. Aliyepotea ni yeye. Vingine nilivyovipoteza nilikuja kuviona baadaye, kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa majani ya mbele ya nyumba, kwa sababu dirisha la chumba nilichokalia eda linatazama huko.

Yalikuwa ukoka, majani ya kawaida tu. Aliyaotesha mwenyewe kipande kwa kipande mpaka yakajaa kutoka barazani hadi getini. Kazi yake ilikuwa Kizimbani, kwenye shamba la serikali la mikarafuu na viungo, kusafisha magugu chini ya miti. Akirudi jioni anaendelea na kazi ile ile nyumbani, safari hii kwa raha yake. Mimi nikimpelekea chai pale pale alipochutama. Sikumuuliza hata siku moja anafanya nini. Nimezaliwa Mji Mkongwe, ghorofani, kwenye nyumba ya mawe, na udongo wa utoto wangu ulikuwa ule wa ndani ya mikebe ya mrehani. Nilidhani majani yanajiotea.

Matanga yalikaa juu ya ukoka ule. Wanaume walitandika mikeka na kufunga turubai, na wapishi wakatega mafiga sehemu tatu kwa ajili ya pilau ya hitima. Watu walikuwa wengi, Mungu awalipe. Walipoondoka, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alimleta mtu na fyekeo asafishe uwanja. Nia yake ilikuwa njema. Yule mtu alifyeka mpaka udongo ukaonekana, akafagia, akaenda zake.

Wiki chache baadaye shemeji alikuja kunijulia hali. Alikaa sebuleni, mimi nikawa nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka.

"Shemeji," alisema, "mimi naona pale mbele tutandike pevingi, vile vitofali vya saruji. Uwanja unakuwa safi, gari linaingia, na wewe hupati tabu ya kutafuta mtu wa kufyeka."

"Na majani yake?"

"Majani gani? Yashakufa hayo. Hujayaona?"

Niliyaona kila siku. Rangi yake ilikuwa ya mkeka uliochakaa, na pale palipokuwa na mafiga palikuwa na duara tatu nyeusi. Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ile ina fungu langu na mafungu ya nduguze, na neno la shemeji si neno la mpita njia. Nilimwomba kitu kimoja tu, asubiri nitoke eda. Nikitoka, akayakuta majani yamekufa au yameliwa na magugu, atandike. Akakubali. Nilimsikia akivaa viatu, kisha akasema kwa upole, "Lakini usije ukasema nimekuonea."

Niliyekuwa naye ndani ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, mkulima wa mwani wa Chwaka, aliyeacha shughuli zake kuja kukaa na mimi. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo wifi," ananijibu, "Marahaba, mwenye shamba," kwa sababu alishajua kitu cha kwanza nitakachofanya ni kufungua dirisha.

Sikuweza kutoka. Uwanja ule uko wazi kwa barabara na eda ni miezi minne na siku kumi. Kwa hiyo mikono ilikuwa yake na macho yalikuwa yangu.

Tulianza kwa makosa. Wifi alikuwa akimwagia maji kidogo kidogo kila jioni, na ukoka haukuinua kichwa. Nikajaribu kukumbuka marehemu alifanyaje, na kitu pekee nilichokumbuka ni sauti. Maji yalikuwa yakimwagika muda mrefu, mpaka namwita aje ale na haji, kisha siku nyingi mpira wa maji unakaa umekunjwa ukutani. Nikamwambia wifi tufanye vivyo hivyo. Akamwagia mpaka udongo ukashiba, akauacha. Nilipoona ncha za kijani kando ya ukuta nilimwita kama mtu aliyeona mwezi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Jirani mmoja ana ng'ombe, na wifi akasema majani yana njaa, yanataka samadi. Alileta ndoo kwa ndoo, mbichi, akaitawanya pote. Mvua ya mwanzo ya vuli iliponyesha, kila kitu alichokula yule ng'ombe kikaota mbele ya nyumba yangu. Mchicha wa porini, mbigili, kifauongo, na vingine ambavyo hata wifi hakuvijua majina.

"Huyu ng'ombe," wifi alisema amesimama katikati na ndoo mkononi, "katuletea bustani yake nzima."

"Si ulisema yana njaa?"

"Yalikuwa na njaa. Sasa tuna wageni."

Tulicheka, na nikaona haya kwamba nimecheka. Lakini nilikuwa na jambo la kunishughulisha, na sitaki kusema uongo, siku zile jambo lile lilinisaidia kuliko maneno mengi niliyoambiwa. Nilitaka kujua kwa nini magugu yameota hapa na hayakuota pale. Samadi ilikuwa pote, mvua ilikuwa pote. Kando ya ukuta, ambako mwenye fyekeo hakufika vizuri, ukoka ulikuwa mrefu umeshikana, na ndani yake halikuonekana gugu hata moja. Kwenye udongo mtupu yalijaa. Nikakumbuka marehemu alikuwa hakati mpaka chini. Alikuwa akipunguza tu juu juu, na yale aliyoyakata anayaacha pale pale, na mimi nikimnung'unikia kwamba uwanja unaonekana mchafu. Kumbe gugu linataka jua lifike kwenye udongo. Ukoka ukijifunika wenyewe, mbegu inakaa gizani.

Kitu cha pili nilichokiona kilinishangaza zaidi. Moja ya duara za mafiga ilikuwa na ukoka wa kijani kibichi sana pembeni yake, upande mmoja tu, kama shuka iliyomwagikiwa rangi. Nilimwuliza wifi pale palikuwa na nini siku ya hitima.

"Palikuwa na yule mpishi mnene. Hapo ndipo alipokuwa akikosha mchele na nyama, maji anamwaga nyuma yake."

"Na wale wengine wawili?"

"Wale walikuwa wakimwaga barazani. Niliwagombeza."

Tangu siku hiyo maji ya kukoshea mchele hayakumwagwa tena jikoni. Wifi aliyachukua kwenye beseni akimwagia zamu kwa zamu, akiniimbia kwamba kuna watu mjini hawajapata uji na mimi nanywesha majani. Maji ya nyama na samaki tuliyajaribu pia, tukiyazidishia maji mengine. Ukoka uliyapenda, na paka wa Bububu wakayapenda zaidi. Walikuja wakachimba, wakapigana, wakalala pale. Samaki tukaacha.

Kisha wifi akasema mwani. Kwao Chwaka, mwani unaokatika kwenye kamba na kutupwa na maji ufukweni huoza hapo, na yeye aliwahi kuutia kwenye migomba. Mtu wa kwao aliyekuwa akija mjini na pikapu alituletea magunia mawili. Safari hii hatukuwa na haraka. Tuliutia kwenye kona moja tu kama ulivyo, na mwengine wifi akauosha kwa maji ya bomba na kuuchanganya na majani makavu kwenye shimo nyuma ya nyumba, uoze. Kwenye ile kona kifauongo kilinyauka. Ukoka wenyewe ulisita, ukawa manjano, kisha ukarudi. Mimi nasema ni chumvi. Wifi anasema ni jua kali la wiki ile. Sijui. Ule ulioozeshwa tuliutandaza mwembamba juu ya majani, ukageuka mweusi ukaingia ardhini, na haukutuletea mgeni yeyote, kwa sababu baharini hakuna mbegu ya mbigili.

Iliyobaki ni ndago. Kwa asiyeijua, ndago inafanana na jani la kawaida, ila shina lake lina pembe tatu na chini yake kuna vijikokwa vilivyoungana kama shanga. Wifi akivuta, shina linatoka, kokwa zinabaki, na baada ya siku chache pale palipokuwa na moja zinatoka mbili. Nilimwona kutoka dirishani, nikamwambia asivute, achimbe taratibu aufuate uzi.

"Njoo uchimbe wewe."

"Mimi niko eda."

"Eda ya mikono, ya mdomo huna."

Lakini alichimba. Mimi nikimwelekeza kutoka nyuma ya nondo za dirisha: kulia kidogo, bado, kulia. Naye anauliza, kulia kwako au kulia kwangu? Vipande vya ukoka alivyoving'oa kando ya ukuta, penye wingi, alivipandikiza kwenye udongo mtupu, akavikanyaga kwa unyayo na kuvifunika kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa mpaka vikashika.

Siku moja alifika karibu na ngazi za baraza, penye ndago nyingi, akasimama. Nilimwambia aendelee. Hakuendelea. Nikadhani amechoka.

"Hapa ndipo walipoliweka jeneza," alisema, "kabla ya kulibeba."

Sikuwa nikijua. Siku ile nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia tu sauti za wanaume zikipanda na kuondoka. Nilikuwa nimepatazama pale kila siku tangu hapo, nikihesabu magugu. Nilimwuliza jeneza lilielekea wapi, nani alisimama wapi, lilikaa muda gani. Alinijibu yote, naye hakuniuliza kwa nini nataka kujua. Kisha alikaa chini, akaondoa ndago za pale kwa vidole, bila kisu, akichokora udongo polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Kazi ile ilimchukua mpaka adhuhuri. Alikuwa akilia, na mimi nikaacha kumwelekeza.

Eda yangu ilikwisha vuli ikielekea mwisho. Nilioga, nikavaa, nikasomewa dua, na watu wakala. Shemeji alikuja kesho yake asubuhi na fundi wa pevingi. Lori la vitofali lilikuwa limesimama nje ya geti. Nilishuka ngazi, nikasimama mbele yake bila pazia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimwona amekonda.

Aliutazama uwanja kwa muda. Ukoka ulikuwa umefunga karibu pote. Duara moja ya mafiga ilikuwa bado na upara katikati, na upande wa geti, ambako magari ya wageni yalizoea kugeuzia, udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, na hakukushika kitu.

"Sikutegemea," alisema. Kisha akauliza, "Magugu yamekwisha?"

Wifi alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, kwa sababu alijua jibu na alinijua mimi.

"Hayajesha," nikamwambia. "Kifauongo kimepungua. Ndago ipo. Iko chini, na mvua ya masika ikija itatoka tena. Itabidi ichimbwe."

"Na nani atachimba? Dada anarudi Chwaka."

"Mimi."

"Wewe, shemeji? Mtoto wa ghorofani?"

"Sasa nshatoka."

Fundi alikuwa akicheza na kamba yake. Shemeji akaenda mpaka kwenye ngazi, akarudi, akaenda mpaka getini, akapiga kisigino kwenye udongo ule mgumu. Nilidhani anatafuta neno la kunikatalia bila kuniumiza. Wifi hakuweza kuvumilia.

"Mdogo wangu, sema. Mwenye lori anataka kwenda kunywa chai."

"Ungeniambia magugu yamekwisha, ningeamini," shemeji akaniambia.

"Ndiyo. Na masika ungekuja kuyaona."

Alitazama chini, akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema gari lake lazima lipate pa kusimama, hilo hataliacha. Upande wa geti utatandikwa. Kutoka hapo kuja barazani, tuone masika.

Nilitaka uwanja wote. Sikuupata wote. Upande ule wa geti nao marehemu aliuotesha kwa mikono yake, kabla magari hayajaukanyaga, na nilijua sitauona tena una majani. Nikasema, "Haya."

Nusu ya vitofali ilishushwa na lori likaondoka na vilivyobaki. Fundi alifunga kamba kwenye nguzo ya geti, akaanza kurudi nyuma akiikunjua, akija upande wetu. Hakuambiwa asimame wapi. Nilikwenda nikasimama pale ukoka unapoanzia, na alipofika karibu na miguu yangu nikamwambia, "Hapo."

Akakita kigingi.