Nilisukuma maharagwe yote na King na four, nikitaka buda aje lunch

Wakuu niaje. Naanza na ujinga wenyewe, ndio mkinicheka mcheke mkijua kila kitu. Sitapunguza hata moja.

Nilisukuma maharagwe yangu yote katikati ya meza nikiwa na King na four, kabla kadi yoyote ifunguliwe. Na kwa hayo maharagwe kulikuwa na kitu nilikuwa nakitaka kuliko kupita mtihani.

Iko hivi.

Mimi na mathe, yaani mamangu, tunaishi mtaa wa Landless, Thika. Buda, babangu, anaishi Ruiru, single room, tangu nikiwa class six. Sai niko form three. Hawatukanani. Wanaulizana tu habari kupitia mimi, kama mimi ni posta.

Mathe bado hupika chapati za watu watatu. Monday nabeba zilizobaki shule nikijifanya nauza.

Jumamosi moja moja naenda Ruiru, na huko tunacheza poker watu watatu: buda, Karis caretaker wa plot, na mimi. Pesa buda hataki kuiona mezani. Tunatumia maharagwe. Mwenye atabaki na yote anaomba kitu kimoja na hakuna kukataliwa. Karis huomba nimuoshee gumboots.

Kwa wale hawajui: unapewa kadi mbili, unazificha, unabet mara ya kwanza ukiwa umeona hizo mbili tu. Halafu ndio za katikati zinafunguliwa. Hapo mwanzo ndio nilikuwa nazikwa.

Siku hiyo nilitangaza mapema kwamba nikishinda, buda anakuja lunch kwetu Jumapili.

Karis akaangalia simu yake, na ilikuwa imezima. Buda akachanganya kadi muda mrefu kuliko kawaida, halafu akasema sawa.

Sasa ukishaambiwa sawa, utangoja aje? Mgao wa tatu nikaona King. Ile four, kusema ukweli, sikuiona. Mimi ndio nilikuwa wa kwanza kuongea, yaani kubet, wawili bado hawajasema kitu, na nikasukuma yote. Karis aka-fold, akatupa kadi zake. Buda akaweka yake pia. Alikuwa na nine mbili. Zile tano za katikati zikafunguliwa na hakuna hata moja ilinijua.

Buda akakusanya maharagwe polepole, akaniambia, "King na four ni majirani tu, kijana. Si familia."

Alikuwa anaongelea kadi. Nilifika nyumbani nikaacha chapati mpaka mathe akanishika paji la uso kuangalia kama ni malaria.

Monday nikamwambia Wafula, deskmate wangu, ambaye alifunzwa poker na bro wake wa campus huko Juja. Akasema shida yangu si bahati, ni haraka. Kabla uweke haragwe la kwanza, jiulize una nini, ni nani hajaongea bado, na mtu akikupandishia dau utafurahi ama utaanza kuomba Mungu.

Tukafanya mazoezi wakati wa games, nyuma ya lab. Kila mgao Wafula ananiuliza, "Na hii umeingia kufanya nini?" Nilikuwa naingia tu zote. Ukweli ni kwamba nikitupa kadi nilikuwa nahisi wengine wako ndani wanaendelea na maisha, na mimi nimefungiwa nje. Hiyo kitu naijua vizuri, hata Wafula sikumwambia.

Lakini nikazoea. Jack na three, tupa. Queen na six na wewe ndio unaanza kuongea, tupa. Ukiwa wa mwisho na wenzako wameogopa, hapo hata ya wastani unaweza kupandisha. Ukipata nzuri, pandisha mapema, usiwaache waone kadi za bure.

Nikarudi Ruiru na ombi lile lile. Nilitupa kadi mpaka Karis akaniuliza kama niko kwa mfungo wa kanisa. Yeye ndio aliishiwa maharagwe kwanza. Tukabaki na buda, nikiwa nimemzidi kidogo tu.

Nikapata ten mbili. Akipandisha nitafurahi? Ndio. Nikasukuma yote.

Buda akaangalia zake. Akaniangalia. Akaweka yote.

Alikuwa na seven na two. Hakuna kadi mbovu kuliko hizo kwa huu mchezo wote. Zile tano zikafunguliwa, hazikumsaidia. Akasema eh, leo umenimaliza, akaenda kutafuta pasi.

Jumapili alikuja na shati imenyooshwa, amebeba unga na ndizi. Alibisha. Kitasa cha huo mlango aliweka yeye mwenyewe, na alibisha. Wakaongea na mathe juu ya maji na bei ya gas. Saa kumi akaenda.

Nilichojifunza: mchezo mwingi unapotea hapo mwanzo, kwa kutaka sana. Kutaka si kadi. Mnaocheza, niambieni nyinyi mnatupa nini mkiwa wa kwanza kuongea. Na kama mzazi wako anakaa mtaa mwingine, andika pia, sitakucheka. Sana.

Buda alipoenda nilimwambia mathe yote, maharagwe, ten zangu, na ile seven na two. Mathe ni wa kanisa, nilikuwa nangoja kofi. Aliendelea kuosha vyombo, akasuuza sahani ya buda, akaniambia:

"Mwambie siku ingine aje tu. Si lazima ashindwe kwanza."