Banda la Milango Sita

Mtaani walimwita Mama Milango, kwa sababu ndiyo kazi iliyomlea yeye na wanawe: kununua milango na madirisha ya nyumba zinazobomolewa na kuyauza upya. Miaka ishirini na miwili ya kugonga mbao kwa kidole ilimfundisha kuutambua mlango uliooza hata ukiwa umepakwa rangi jana. Kilimo hakukijua, na hilo halikumkosesha usingizi. Hata milango hakuzaliwa akiijua.

Baba yake alipofariki aliwaachia ekari moja nje ya mji, yeye na kaka yake, mkaguzi wa shule mstaafu. Kaka alitaka iuzwe, na mnunuzi alishampata. Mama Milango hakutaka. Alipoulizwa sababu, alisema amechoka kula vumbi siku saba za wiki na anataka mahali pa kwenda Jumapili.

"Kwenda kufanya nini? Pale ni pori," kaka akasema.

"Nitafuga mbuzi wawili watatu. Nitapanda maharage."

"Wewe? Wewe hata mchicha wa kwenye kopo ulikufia."

"Ulikufa kwa sababu ulikuwa unamwagilia wewe, kaka."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: kaka atakuja Jumapili ya kwanza baada ya mvua kuisha. Akikuta shamba, hawauzi. Akikuta pori, mnunuzi anaitwa siku hiyo hiyo, na Mama Milango anatia sahihi bila kununa.

Maharage hayakumsumbua. Aliuliza majirani, akapanda walivyomwelekeza, yakaota. Balaa lilianzia kwenye banda. Kununua mbao mpya wakati una milango imejaa uani aliona ni ugonjwa, kwa hiyo akachagua milango sita iliyokosa wateja. Mitano ikawa kuta. Wa sita, mlango mzito wa ofisi wenye kitasa cha mkono wa kubonyeza, ukawa mlango wa banda. Fundi seremala alipouona akasita.

"Mama, mbuzi hawahitaji kitasa. Nikuwekee komeo la mti, unasukuma, kwisha."

"Fundi, kitasa hiki ukikigusa kwa kidole kimoja kinafunguka. Hakikwami."

"Ndicho ninachosema."

"Na ufungukie nje, tusipoteze nafasi ya ndani."

Fundi akafunga kama alivyoambiwa. Alikuwa na kazi nyingine mchana.

Mbuzi walikuwa watatu, majike. Kwa wiki kadhaa walikitazama kile kitasa. Kisha mkubwa wao, mweusi mwenye sikio lililochanika, akasimama kwa miguu ya nyuma na kukiwekea kwato. Hakikukwama.

Mama Milango alifika Jumapili asubuhi, mvua zikiwa zimekatika siku tatu nyuma. Alikuta mlango wazi, mbuzi wamelala katikati ya shamba wanacheua, na mistari kumi na minne ya maharage imebaki vijiti. Kaka alikuwa anatarajiwa saa nane mchana.

Hakulia. Aligeuza ndoo, akaikalia, akawaza. Wazo la kwanza lilikuwa kununua miche ya jirani na kuichomeka ardhini, isimame walau mpaka jioni. Akalitupa. Kaka yake alikagua shule miaka thelathini. Walimu walikuwa wakiazima madawati ya shule ya pili kwa ajili yake, na hakuwahi kudanganyika hata mara moja.

Kaka akaja. Akazunguka shamba zima, mikono nyuma.

"Maharage yako wapi?"

"Yapo." Akawaonyesha mbuzi kwa kidevu. "Yamehama tu."

"Nani aliwafungulia?"

"Walijifungulia."

Kaka akaenda kukibonyeza kitasa. Akafungua, akafunga, akafungua tena. "Kitasa kizuri," akasema, na kutoa simu mfukoni. "Nampigia mnunuzi."

Mama Milango akafanya anachofanya siku zote mteja anapogeuka kuondoka: akaacha kusifia mali, akauliza swali.

"Kaka, hizo hela utazifanyia nini?"

"Hela? Pensheni inanitosha. Sina shida ya hela."

"Sasa unauza ya nini?"

Kaka akafoka. "Ili simu ikome! Kila wiki napigiwa na majirani wa hapa. Mara nyoka katoka kwenu, mara mwizi kajificha kwenye nyasi zenu, mara mti wenu umelalia paa langu. Miaka minane, tangu baba aanze kuugua! Mimi nina presha, mdogo wangu. Sitaki kusikia habari za hapa tena."

Mama Milango akamtazama. Miezi minne yote alikuwa akibishania udongo, kumbe mwenzake alikuwa anauza kero.

"Wape namba yangu."

"Hutawaweza."

"Mimi napigiwa na watu niliowauzia mlango miaka kumi iliyopita, eti unalia. Wape namba."

Kaka akavaa miwani. Akaandika ujumbe polepole, akiweka nukta kila inapostahili, kwamba kuanzia leo mambo yote ya ardhi ya marehemu aulizwe mdogo wake, na namba ni hii. Akautuma kwa majirani wote. Mnunuzi akamwandikia wa peke yake: hatuuzi.

Hajavua hata miwani, simu ya dada yake ikalia.

"Haloo. Ndiyo, ni mimi," Mama Milango akasema. "Ukuta? Umeangukia upande gani?"

Kaka alikuwa ameshaanza kuelekea kwenye gari, kwa mwendo ambao daktari wake asingeuruhusu.